Kumtambua Enteromius: tuamini rangi, sharubu au mwiba wa pezi?

Mkazi wa Simiyu: Ndugu wanajukwaa, nimevua samaki 11 wadogo katika kijito kinachomwaga maji Ziwa Victoria, wote wakiwa na sharubu na wakilingana urefu wa kidole. Wawili walikuwa na doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha mashavu, na waliobaki walikuwa na rangi ya fedha tupu. Nilidhani wote ni wa Enteromius, kundi (jenasi) la samaki wadogo wa maji baridi: hao wawili ni Enteromius kerstenii na waliobaki ni Enteromius paludinosus, lakini baada ya wiki tatu ndani ya spiriti doa limetoweka kabisa, na sasa siwezi kuonyesha ni wapi. Nimebakiwa na njia tatu: rangi niliyoikumbuka, urefu wa sharubu, na mwiba wa pezi la mgongoni. Ninyi mngeanza na ipi?

Fundi wa Maabara: Mimi ningeiweka rangi mwisho, ingawa sitaidharau. Doa la chungwa ni alama nzuri sana ya kerstenii akiwa hai, na ndilo jambo la kwanza ambalo mtu aliye mtoni anaweza kuliona bila kifaa chochote, ila ni lazima liandikwe au lipigwe picha papo hapo, kwa kuwa spiriti na fomalini hazibakizi rangi ya namna hiyo. Anza na mwiba. Chukua kioo cha kukuzia, uinamishe pezi la mgongoni, kisha upitishe ncha ya sindano nyuma ya kijiti kigumu cha mbele kutoka juu kwenda chini: ikikwaruza kama msumeno, mwiba una meno, ikiteleza, hauna.

Mvuvi Mstaafu: Kwa heshima zote, meno ya mwiba hayatamtenganisha huyo na huyo, maana kerstenii na paludinosus wote wawili wana mwiba mgumu wenye meno.

Fundi wa Maabara: Ni kweli, na nashukuru kwa sahihisho. Meno yanawatoa wengine nje ya kundi; ili kuwatenganisha hawa wawili, mwenzetu ahesabu vijiti laini vinavyofuata nyuma ya mwiba, vile vilivyogawanyika ncha. Paludinosus kwa kawaida ana 7, na kerstenii ana 8. Kijiti cha mwisho mara nyingi kimegawanyika tangu kwenye shina na kuonekana kama viwili, nacho huhesabiwa kimoja. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea.

Mwalimu wa Biolojia: Niongeze mstari wa ubavuni, yaani ule mfululizo wa magamba yenye vitundu. Kwa paludinosus unafika hadi mkiani. Mkimkuta samaki mdogo sana wa majani na vinamasi ambaye mstari huo hauonekani, au unaishia baada ya magamba machache, mfikirieni Enteromius apleurogramma, ambaye hata jina lake linataja ubavu usio na mstari. Kuhusu sharubu, mimi sizitegemei: jozi mbili ni jambo la kawaida katika kundi hili lote, na urefu wake hubadilika kadiri samaki anavyokua.

Kidogo juu ya majina, kwa sababu yatawachanganya wasomaji wa vitabu vya zamani. Paludinosus alielezwa na mtaalamu wa wanyama, Peters, mwaka 1852, na kerstenii mwaka 1868, wote wakiwa chini ya Barbus, jenasi walimowekwa kabla ya kuhamishiwa Enteromius. Kwa hiyo Barbus paludinosus na Enteromius paludinosus ni samaki yule yule.

Mvuvi Mstaafu: Kuna jambo moja ambalo hamjalitaja. Je, una hakika kwamba wote 11 ni wa aina ndogo? Kuyu, yule ambaye Waluo humwita fwani, naye huanza maisha akiwa wa ukubwa wa kidole, na watoto wake huingia vijitoni.

Mwalimu wa Biolojia: Hoja hiyo ina uzito kuliko zote zilizotangulia. Kuyu ni Labeobarbus altianalis, yaani wa jenasi nyingine, si Enteromius. Midomo yake imewahi kuwapotosha hata wataalamu, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa na midomo minene kama mpira na mwingine mdomo mwembamba wenye makali. Usitazame midomo basi, tazama gamba. Ng'oa moja chini ya pezi la mgongoni, ulilowanishe, uliinue kwenye mwanga: kwa Labeobarbus mistari hukimbia sambamba, na kwa Enteromius hutawanyika kama miali ya jua. Mwiba wa kuyu nao hauna meno.

Mkazi wa Simiyu: Shikamooni nyote. Nimekaa dirishani tangu asubuhi na kioo cha kukuzia. Samaki 8 wana mwiba wenye meno na vijiti 7. Wawili wana meno na vijiti 8, nami naamini ndio wale wa doa, ingawa siwezi tena kuapa. Wa kumi na moja mwiba wake unateleza, na mistari ya gamba lake iko sambamba. Nimemhamishia chupa yake peke yake na kuandika "kuyu, mtoto" kwa penseli, kwa sababu wino nao huyeyuka kwenye spiriti.