Naomba ushauri: fokasi (kulenga ukali wa picha) ya otomatiki au ya mkono kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu?

Ndugu wapiga picha, habari za kazi. Nimehamia hivi karibuni kwenye kamera ya mirolesi (isiyo na kioo ndani) yenye sensa ya ukubwa wa kati, APS-C, nami hutumia zaidi lenzi ya milimita 50 f/1.8 (tundu pana la kuingiza mwanga) kwenye sendofu na harusi za usiku. Mchana, fokasi ya otomatiki inayotambua jicho hainisumbui hata kidogo. Tatizo huanza ukumbini: bibi harusi akiwa amejifunika shela, fokasi hunasa kitambaa badala ya jicho, na taa za DJ zikibadilika lenzi huenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia.

Nimejaribu nukta moja ndogo ya fokasi, ikawa nafuu kwa aliyeketi, si kwa anayeingia akicheza. Nikihamia fokasi ya mkono, ile rangi nyekundu inayoonyesha kingo kali huwaka kwenye kope na kwenye shela kwa pamoja, ilhali kwa umbali wa mita moja na nusu eneo lenye ukali ni kama sentimita 6 tu. Kukuza picha kwenye kitafutio (kidirisha cha kutazamia) husaidia, lakini maharusi hawasubiri.

Je, kwa wanaotembea, ni heri nibaki na fokasi endelevu ya otomatiki (inayomfuata mtu anaposogea) nikipunguza tundu la lenzi hadi f/2.8, au niweke umbali mapema kwa mkono na kuwangoja wafike hapo? Na kwa kuwa pete ya lenzi yangu huzunguka bila kikomo wala haina alama za umbali, kuna faida ya kweli kununua lenzi ya fokasi ya mkono pekee kwa kazi hizi?