Miezi 14 bila kodi, na mlango wa duka langu mwenyewe siruhusiwi kuugusa

Nimejaa hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Free Area hapa Nakuru. Kiinua mgongo chote pamoja na mkopo wa Sacco vimeishia kwenye ploti moja: maduka mawili yanayotazama barabara na vyumba 6 nyuma. Duka moja lina mpangaji wa hadiwea, kodi shilingi 18,000. Pesa yake ya mwisho iliingia kwenye simu yangu miezi 14 iliyopita. Piga hesabu: 252,000.

Wala biashara yake haijalala. Alhamisi lori limemshushia saruji, nimesimama dirishani nikihesabu mifuko 60, kisha mabati yakafuata. Jioni nikaenda kumuuliza. Hata hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake la wadeni: "Shosho, hayo tutaongea kortini." Daftari la wadeni! Anayedaiwa misumari ya shilingi 50 ameandikwa jina, lakini deni langu halimo.

Kosa langu ni kwamba hatukuandikiana. Tulipeana mkono, akalipa diposti, nikampa ufunguo. Kumbe sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inasema upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa wa miaka isiyozidi 5, unalindwa. Ukitaka kumtoa mtu ni lazima utumie fomu ya notisi iliyowekwa na sheria, utaje sababu, umpe angalau miezi 2. Mimi nilikuwa nimemwandikia barua kwa mkono wangu, nikaitia sahihi mbele ya mzee wa mtaa. Wakili akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. "Mwalimu, hii si notisi." Miezi 4 ilikuwa imekwenda hivyo.

Haya, tukatoa ya fomu. Sababu imo ndani ya sheria yenyewe: mpangaji asiyelipa kodi kwa miezi 2. Mimi nina 14! Lakini kabla siku za notisi hazijaisha jamaa akakimbilia kwenye jopo la serikali linaloamua kesi za kodi ya majengo ya biashara, kuipinga, na akishaipinga, notisi haina nguvu mpaka uamuzi utolewe. Tangu hapo kesi imeahirishwa mara 3. Mara wakili wake yuko korti nyingine, mara hati hazijafika. Kila tarehe wangu anataka ada yake. Nikaenda kwa dalali akamate mali nilipwe, akaniambia bila ruhusa ya jopo hagusi hata koleo. Nami nikithubutu kutia kufuli langu, mkosaji ni mimi.

Na asije mtu hapa kusema nachukia wapangaji. Nimepanga Kaptembwo na Rhonda miaka 20. Nimemwona mwenye nyumba aking'oa mabati mvua ikinyesha na watoto wako ndani. Mpangaji alindwe, ni haki yake. Ninachokataa ni mtu kukaa ndani ya kesi bila kutoa hata senti, huku akiuza. Siku anayopinga notisi, kwa nini asilazimike hapo hapo kuweka kodi ya kila mwezi mpaka kesi iishe? Kama ana haki, pesa zake atarudishiwa.

Kwa vyumba vya nyuma nalipa ushuru asilimia 7.5 ya kodi yote inayoingia, si ya faida, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Paa likivuja ni juu yangu, choo kikijaa ni juu yangu, na ushuru uko pale pale. Tarehe 20 haijawahi kuahirishwa kwa ajili yangu.

Aliyepitia haya hapa Nakuru, Kisumu au Kakamega aniambie: uliomba amri ya mpangaji kuweka kodi kesi ikiendelea? Ulipewa? Ilichukua muda gani? Tafadhali jibuni wiki hii, Sacco wanataka pesa yao tarehe 5.