Kinanda cha wageni: tunatozwa hela ya muziki na uchoraji, mabinti hawafundishwi

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za ada kupanda, hili ni jambo lingine. Jana nilikwenda kumtembelea binti yangu shuleni. Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, ya binafsi. Jina sitaji, mtoto bado yuko mikononi mwao. Fomu ya kujiunga ilipokuja, kilichonivuta ni ukurasa wa muziki na sanaa. Rekoda moja (ile filimbi ya kujifunzia muziki), daftari la kuchorea la A3, penseli za HB na 4B, rangi za maji, brashi tatu. Chini yake: mchango wa vifaa vya sanaa, sh. 80,000 kwa mwaka. Nilizunguka Kariakoo nusu siku nikitafuta hiyo 4B, ile laini ya kuchorea, kila duka wananipa HB na kuniambia "mama, penseli ni penseli". Nikaipata. Nikalipa. Huu ni mwaka wa tatu nalipa.

Jana kanifungulia tranka. Rekoda imo ndani ya nailoni yake, stika ya bei haijabanduliwa. Daftari la A3 lina michoro mitatu: ndoo, mkono wake wa kushoto, na matron kasinzia kwenye kiti (huyo matron kamtoa haswa, mpaka kidevu). Kuanzia ukurasa wa nne ni hesabu za logi. Mwalimu kawaambia karatasi ni kubwa, wafanyie mazoezi humo humo.

Na vipindi vipo kwenye ratiba! Alhamisi uchoraji, Ijumaa muziki. Alhamisi anaingia mwalimu wa hesabu, Ijumaa wa fizikia. Mwalimu wa sanaa aliacha kazi wakiwa kidato cha kwanza na hakuletwa mwingine. Yeye kaondoka, mchango umebaki. Shule ina wasichana zaidi ya 400. Zidisheni wenyewe: milioni 32 kwa mwaka, na sijaona hata brashi.

Lakini msidhani sanaa haipo pale. Ipo, siku ya wageni. Kuna kinanda ofisini kwa mkuu wa shule, kimefunikwa kitenge, juu yake wameweka kalenda na chupa ya chai. Kinatolewa mahafali ya kidato cha nne tu. Wiki mbili kabla, mabinti wanakesha wakikaririshwa wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, kwa sikio, bila hata kuambiwa do iko wapi. Wenye mkono mzuri wanachora bango la jukwaani. Mgeni akipanda gari, kitenge kinarudi. Kwa hiyo sauti zao na mikono yao ni mapambo, kama yale maua ya plastiki ya meza kuu. Kuwafundisha? Hapana.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Nilikuwa na adabu, naapa. Akaniambia, "Mama, hapa tunatafuta ufaulu. Kwani wewe unataka binti awe wa Bongo Fleva?" Akacheka, na mhasibu naye akacheka.

Madam, kama unapita humu, jibu langu hili hapa. Uchoraji na muziki ni masomo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yana mitihani yake kidato cha nne kama jiografia. Divisheni, yaani daraja la ufaulu, inatokana na masomo saba ambayo mwanafunzi kafanya vizuri zaidi, na la kuchora lingeweza kuwa mojawapo. Binti yangu anataka usanifu majengo, ndoto yake ni Chuo Kikuu Ardhi. Akifika huko atachora au ataimba logi? Na huo muziki mnaoucheka, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda nao Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mwanamke ambaye hakupelekwa shule. Hawa wamepelekwa, tena kwa ada, na bado hawafundishwi.

Nilipotoka ofisini nikachana ile nailoni. Mimi nilisoma kwa masista, rekoda naijua. Tukakaa chini ya mwembe. Nikamwonyesha: gumba nyuma, vidole vitatu mbele, hiyo ni so. Inua kimoja, la. Inua kingine, ti. Puliza kama unapoza chai, ukikaza pumzi inalia kama filimbi ya trafiki. Robo saa hata haijaisha, anapanda na kushuka, so la ti, ti la so. Wenzake watano wakaja na zao, mbili bado zina nailoni. Kengele ikagonga, matron akaja kutuambia tunapiga kelele. Ndiyo, yule yule wa kwenye mchoro.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Ninakwenda na risiti tatu na hilo daftari. Nataka mambo mawili: mwalimu aletwe, au hela yetu irudi. Msiniambie "hamisha mtoto", hao 400 wengine nitawahamishia wapi? Wenye mabinti shule za bweni, fungueni matranka yao mkienda kutembelea, halafu mje mniambie hapa rekoda mmeikuta na nailoni au bila.