Naomba ushauri: kasoro za magome na majani zinanivuta, ila nikichora inatoka nakala tu

Gome la Nje:
Habari zenu wanajamvi. Ni mchoraji, natumia zaidi rangi za akriliki. Siku hizi sura na mandhari havinivuti tena. Ninachosimama kukitazama ni kilichoharibika: jani lililotobolewa na wadudu, gome linalobanduka, tope lililokauka likapasuka.

Shida yangu ni hii. Nikichora gome, linatoka gome. Watu wananisifu kwamba nimelipatia, nami nasononeka, maana sikulitaka gome, nilitaka kile kilichonisimamisha. Nikiliacha kabisa na kumwaga rangi kwa hisia, inatoka picha ambayo hata asiyewahi kuona gome angeichora. Nifanyeje nipate picha dhahania, yaani isiyoonyesha kitu kinachotambulika, inayoibeba ile kasoro bila kuiiga? Natanguliza shukrani.

Penseli Butu:
Mkuu, kwanza jiulize kasoro imetokana na nini. Umewahi kuona jani lenye mstari mweupe unaojipindapinda? Ile ni njia ya buu anayekula ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Akianza ni mdogo, mstari ni mwembamba; anavyokua nao unapanuka, hadi pale anapokoma kula. Mstari ule una mwanzo, una umri, una mwisho. Ukishalijua hilo, jani hulihitaji tena. Vuta mstari unaonenepa taratibu kwenye turubai, mtazamaji atahisi kuna kitu kilipita hapo.

Tope nalo lina mpangilio wake. Linasinyaa likikauka, na ufa wa kwanza hukimbia mrefu bila kizuizi. Unaofuata ukiufikia hukomea hapo, mara nyingi kwa pembe mraba. Wengi wetu tunazitawanya nyufa zote kwa ukubwa mmoja, zinaishia kuwa pambo la kitambaa. Chora ule mkubwa kwanza, kisha mingine iugonge.

Brashi Pana:
Hoja ya Penseli Butu naiheshimu, ila si lazima mchoraji awe mtaalamu wa wadudu. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wakazie macho kuta zenye madoa, kwamba humo wataona milima, mito, hata vita. Hakuwaambia wachunguze doa limetoka wapi. Mchoraji Mjerumani Max Ernst naye, mwaka 1925, alivutwa na mistari ya mbao za sakafu, akaweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli, kisha akaendeleza kilichojitokeza.

Fanya hivyo na gome lako, sugua kwa mkaa. Halafu pindua karatasi juu chini, kata kipande kidogo, na ufanyie kazi hicho pekee.

Gome la Nje:
Nawashukuru wote wawili. Na rangi je? Nahisi kahawia na kijivu ndizo zinazonirudisha kwenye gome kila mara.

Mama Turubai:
Hapana mwanangu, usiisingizie rangi. Tazama miti aliyoichora Mholanzi Piet Mondrian. Ule mwekundu alioanza mwaka 1908 una rangi ambazo hakuna mti unazo, na bado ni mti kabisa. Ule wa mwaka 1911 ni wa kijivu kitupu, lakini huo ndio ulioanza kuuacha umti wake. Sababu ni nafasi zilizo kati ya matawi: alizipa uzito uleule wa matawi, jicho likashindwa kuamua kipi ni kitu na kipi ni hewa.

Wewe unachora kilichobaki. Hebu chora kilichotoka. Kwenye jani lililotobolewa, achana na jani, chora matundu. Tena usichore ukiwa nalo mkononi. Litazame mpaka utosheke, liache, uchore kesho yake bila kulirudia. Kitakachokuwa kimebaki kichwani ndicho kilichokusimamisha.

Gome la Nje:
Shikamoo Mama. Hili la matundu sijawahi kuliwaza hata kidogo. Naanza nalo. Ila tundu nilipake nyepesi, kama uwazi, au nzito?

Mama Turubai:
Marahaba. Nzito, kwa kisu cha kupakia rangi, mpaka rangi isimame. Kinachobaki kati ya matundu kiguse kwa rangi iliyozimuliwa sana, mpaka ufumo wa turubai uonekane. Ukimaliza tuwekee picha hapahapa, na ile iliyokushinda pia.