Natafuta okidi ndogo za kwetu, ile nyeupe yenye kitovu chekundu

kitalu_juu:
Habari za leo wadau. Okidi kubwa za madukani ninazo na zimeshanichosha, kila ukiingia ofisi ya mtu unaikuta ileile. Sasa hivi nimepagawa na hizi ndogo za asili, hasa Aerangis luteoalba rhodosticta, ua lake jeupe la maziwa upana kama sentimita 3 hivi na katikati kidoti chekundu. Nimezunguka vitalu vya hapa Arusha wananishangaa tu, mmoja kaniambia hayo ni magugu ya juu ya miti 😂. Kuna kijana anasema atanitolea msituni kwa elfu tano shina ila roho inasita. Njia nyingine ipo? Na inapandwa kwenye nini, nasikia chungu haiipendi

MamaNasra:
Mwanangu huyo kijana mwambie asante. Ikibanduliwa kwenye tawi mizizi inachanika, unaiona ya kijani miezi na miezi unajua imeshika kumbe inakula akiba yake tu. Tena okidi zote zipo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuzivusha mpaka bila kibali ni kesi. Na msituni hairudi upesi, mbegu yake ni vumbi haina chakula ndani, mpaka ikutane na fangasi wake ndo iote

limuru_shade:
Tafuta miche ya chupa. Mbegu zinapandwa maabara kwa jeli yenye sukari, na ikiwa bado imefungwa ndani ya chupa yake okidi nyingi hazihitaji kibali cha CITES, lakini cheti cha afya ya mimea lazima, huku kwetu Kenya kinatolewa na KEPHIS, nyinyi Tanzania ni TPHPA na makao yao yako hapo hapo Arusha kwa hivyo enda uulize kwanza kabla hujaagiza. Kinachoniudhi ni kwamba hiyo rhodosticta Ulaya wanaiuza kawaida tu, imezalishwa vitaluni, na huku inakoota huipati kwa duka

babu_wa_gome:
Mkuu usiweke udongo kabisa. Chukua kipande cha tawi lenye gome gumu, ifunge na mshipi wa kuvulia, ining'inize kivulini penye upepo. Angalia mizizi: ikilowa inageuka kijani, ikikauka inarudi kuwa nyeupe, na kabla ya usiku iwe imeshakauka. Maji ya bomba ya Arusha achana nayo, chumvi nyingi, ncha za mizizi zinaungua zinakuwa nyeusi, kinga ya mvua.
Mimi zangu nyingine nimeokota kwenye matawi ya miti iliyokatwa mashambani, unamuomba mwenye shamba basi. Hifadhini hata kilichoanguka usiguse. Na wakati unasubiri jaribu Microcoelia exilis, haina majani kabisa, ni fundo la mizizi tu, maua yake kama punje za ulezi. Watu wanaitupa wakidhani imekufa

kitalu_juu:
Asanteni sana aisee. @limuru_shade chupa ikifika naipanda siku hiyohiyo kwenye gome?

limuru_shade:
Usiifungue mara moja, iache ipumzike kivulini kwanza. Ukifungua osha jeli yote kwa maji ya vuguvugu, ikibaki kidogo tu ukungu unaingia. Halafu panda pamoja kwa kitrei chenye mosi (moss) na ufunike na plastiki, gome ni baadaye mizizi ikinenepa. Ua usitarajie karibuni, ni miaka

MamaNasra:
Ukiagiza nishtue, tugawane hiyo chupa