Seva iko Lindi, mimi Mtwara, naweka vipi Debian (mfumo endeshi wa Linux)?

korosho_mbichi: Wakuu habari, nina seva Lindi mjini haina skrini wala kibodi, mimi niko Mtwara na nauli ya kwenda kubonyeza Enter tu inaniuma kweli, nataka niweke Debian kwa netiweki nafanyaje?

fundi_mikindani: Washa PXE (mashine kuwaka kupitia netiweki) kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), mashine nyingine ya hukohuko itoe DHCP (ya kugawa anwani za netiweki) na TFTP (ya kutuma mafaili ya kuwashia), halafu kwenye preseed (faili la majibu ya kisakinishi) weka network-console (inayokuruhusu kuendesha usakinishaji ukiwa mbali) na paswedi, ikishawaka unaingia kwa SSH (njia ya kuingia mashine ya mbali) jina "installer" unaendelea kama umekaa mbele yake. Waya lakini, Wi-Fi sahau.

korosho_mbichi: BIOS ataingia nani sasa 😂

fundi_mikindani: Si kuna mlinzi? Mwelekeze kwa simu

mama_seva: Angalieni kwanza kama ina iDRAC (ya Dell) au iLO (ya HP), za kuisimamia seva kwa mbali mpaka BIOS, mlinzi mwacheni alale.