Wakuu msaada, kibodi ya Bluetooth inanigomea kwenye kompyuta ya mkononi, kazi za watu zimelala

Mgosi_Steshenari: Wakuu habari za mchana. Mi nina kijisteshenari hapa Ngamiani, natoa kopi, nachapa barua, CV, mikataba ya kupanga nyumba. Laptop ya ofisi imekufa wiki mbili sasa, fundi kasema bodi. Ninachotumia ni Steam Deck, ile ya kushika mikono miwili ya kuchezea gemu, ndani ni Linux na ukiihamishia upande wa desktopu inakuwa kompyuta kamili, nimeweka LibreOffice maisha yanaenda. Shida kibodi na mausi, vyote vya Bluetooth. Kibodi juzi ilishika nikachapa kurasa tatu, nikazima nikaenda kula, kurudi haishiki tena mpaka leo. Mausi ndo haijawahi hata kuonekana. Nachapa kwa kidole kwenye kioo cha inchi 7 jamani, mkataba mmoja saa nzima na mteja kanisimamia kichwani. Nipige amri gani, au ninunue kibodi nyingine?

Dagaa_Kavu: Nunua laptop mkuu. Uzi ufungwe.

Mama_Sabufa: Pole mwanangu, Bluetooth haina adabu kabisa. Kitchen party ya mdogo wangu Chumbageni tulikodi sabufa, bibi harusi ndo anaingia na khanga zake, kumbe sabufa imeshikwa na simu ya kijana wa jirani, badala ya taarabu ikaanza singeli. Shangazi yetu wa Pangani alicheza hakurudi kukaa, mpaka leo tunamcheka. Toka siku hiyo mi natumia waya.

Fundi_Makorora: Mgosi tuanze na mausi. Igeuze tumboni. Kuna alama ya Bluetooth au kitufe cha kuunganisha?

Mgosi_Steshenari: Kuna ON na OFF basi, na kishimo kama cha kuwekea kitu, kitupu.

Fundi_Makorora: Hiyo sio Bluetooth. Hicho kishimo ni cha risiva, kile kidude kidogo cha USB. Inatumia mawimbi ya 2.4 GHz kama Bluetooth ila haziongei lugha moja, mara nyingi ni mausi na risiva yake tu mpaka kufa. Risiva imepotea? Basi umenunua sabuni. Na hata ukiipata, Steam Deck ina tundu moja tu la USB-C, utahitaji kihabu, kile cha kuongeza matundu ya USB. Sasa kibodi, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike sudo systemctl restart bluetooth, halafu uniambie imesema nini.

Mgosi_Steshenari: Inataka paswedi.

Fundi_Makorora: Weka.

Mgosi_Steshenari: Hakuna njia isiyotaka paswedi?

Fundi_Makorora: Mgosi. Hiyo mashine ikitoka kiwandani haina paswedi ya sudo, ile ya ruhusa ya mwenye mashine, mpaka mtu akae mwenyewe aiweke. Aliyeiweka nani?

Dagaa_Kavu: 😂😂 Nakaa mkao wa kula

Mgosi_Steshenari: Ni ya kwangu kwa sasa.

Dagaa_Kavu: "Kwa sasa" 😂 hata Ngamiani mimi nipo kwa sasa

Mgosi_Steshenari: Haya bana. Kuna kijana aliniachia rehani, na kibodi na mausi yake humohumo kwenye mkoba. Nilimpa laki mbili, anarudisha laki mbili na arobaini mwisho wa mwezi. Muda wake bado siku tisa lakini simu hapokei vizuri, leo yupo kesho hayupo. Sijaiba kwa mtu. Na msianze kunisema, kitu kukaa kwenye droo siku thelathini kina faida gani na mi kazi zimelala? Flashi ya kuirudisha kama mpya nimeshaandaa, nashika sauti ya kupunguza pamoja na kitufe cha kuwasha, inaanzia kwenye flashi, paswedi inaondoka.

Mzee_Mstaafu: Kijana wangu, rehani ni amana. Ukishikilia mbuzi wa mtu humkamui. Na hiyo arobaini ya juu uiangalie vizuri kabla hujalala, mimi nimefanya kazi bandarini miaka mingi nimeona watu wanaoanza na arobaini wakaishia kubaya. Kwanza hilo si jambo la kibodi.

Mgosi_Steshenari: Shikamoo mzee. Nimekusikia ila mimi nimeuliza kibodi.

Dagaa_Kavu: Kausha damu ya gemu, imeingia Tanga 😂 Halafu laki mbili kweli? Hiyo ilipotoka 2022 ya chini kabisa ilikuwa dola 399. Huyo kijana alikuwa na shida gani?

Fundi_Makorora: Usiwashe na hiyo flashi. Ukiirudisha kama mpya unafuta kila kitu cha huyo kijana, gemu zake, mafaili yake, na akija na laki mbili na arobaini yake utamwambia nini.

Shuhuda_wa_Duga: Samahanini nakatisha. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Laptop imekufa wiki mbili, Ngamiani leo umeme umekata toka saa tatu asubuhi, dada yangu yupo hapo na saluni yake anauza maneno tu, wewe unachapa na kuprinti? Printa ya mkaa? Na mtu wa kuchapa barua asijue mausi ya risiva na ya Bluetooth! Kakaa mtu sehemu anatunga tumjibu.

Dagaa_Kavu: Printa ya mkaa 😂😂😂 nimemwaga uji

Mama_Sabufa: Kweli umeme hamna hata huku.

Mgosi_Steshenari: Printa nimesema inawaka? Nachapa sasa hivi, umeme ukirudi naprinti. Hiki kidude kina betri ndani ndugu. Nakuwekea picha, hiyo hapo na mkataba wa nyumba ya Mabawa kwenye kioo, jina la mwenye nyumba nimeliziba na kidole.

Shuhuda_wa_Duga: Picha haionyeshi kibodi.

Mgosi_Steshenari: Kwa sababu HAISHIKI.

Fundi_Makorora: Jamani tumalize. Mgosi achana na sudo, hata huihitaji, nilikupa hiyo kwa mazoea. Andika bluetoothctl peke yake, haitaki paswedi. Humo andika devices, utaona kibodi na namba zake zenye nukta pacha. Andika remove na hizo namba. Sasa kwenye kibodi, juu ya 1, 2, 3 kuna vialama?

Mgosi_Steshenari: Vipo.

Fundi_Makorora: Ndo hapo. Hiyo inakumbuka vyombo vitatu, ukigusa Fn na 2 bila kujua inakwenda kuitafuta simu ya mwenyewe. Rudi kwenye 1, shikilia mpaka taa ichezecheze, andika scan on, ikijitokeza andika pair na namba zake. Itakuonyesha tarakimu sita, zipige KWENYE KIBODI YENYEWE na Enter, sio kwenye kioo, hapo wengi wanakwama. Halafu andika trust na namba, halafu connect. Nina hakika juzi uliruka trust, ndo maana ulipozima haikurudi yenyewe.

Mama_Sabufa: Kumbe na sabufa zina trust? Nisaidie na mimi baba.

Mgosi_Steshenari: IMESHIKA. Naandika hii kwa kibodi. Nimezima nimewasha, imerudi yenyewe, ila herufi ya kwanza nikiwa nimeiacha muda inaliwa.

Fundi_Makorora: Inakuwa imelala, gusa Shift kwanza iamke ndo uchape.

Mzee_Mstaafu: Na kijana umempigia?

Mgosi_Steshenari: Nimempigia mzee, leo kapokea. Yuko Pemba. Kasema paswedi atanipa siku atakayokuja na hela, tena kacheka. Flashi nimeirudisha kwenye droo. Sijaitupa.

Shuhuda_wa_Duga: Mgosi, hiyo barua ya kuomba uhamisho kurasa mbili unachapa bei gani?

Mgosi_Steshenari: Printa ya mkaa, elfu moja ukurasa. Njoo na mkaa wako.